Moyo ni Wangu, Kikao ni cha Wote

Nyumbani kwangu Tabata hakuna ugonjwa wa mtu mmoja. Ukipiga chafya chumbani, jikoni tayari kuna anayeponda tangawizi, sebuleni kuna anayetafuta kadi ya bima, na barazani kuna anayewapigia simu ndugu wa Tanga kuwaambia hali yako si ya kuridhisha. Wewe mwenzangu uliyeoa kwenye ukoo mkubwa najua hapo unatikisa kichwa. Basi sogea nikusimulie jinsi moyo wangu ulivyoanza kurukaruka, na jinsi suala la kifua changu lilivyotoka mikononi mwangu usiku uleule, na mpaka leo halijarudishwa.

Kwanza uwajue wahusika. Mke wangu ndani ya nyumba tunamwita Spika, kwa sababu hakuna hoja inayojadiliwa kabla hajaruhusu, na akishasema "imetosha" hata redio inajizima. Anafuatia bibi yake mzaa mama, mzaliwa wa Pangani, aliyekuja kwetu kutibiwa macho. Macho yalipona zamani, lakini anasema upepo wa Tabata unamfaa. Kwa utani wetu wa pwani mimi ni mume wake na mjukuu wake ni mke mwenzie, kwa hiyo namwita Mke Mkubwa, na cheo hicho anakitumia chote. Kijana wetu Idd yuko kidato cha pili. Tangu wafike mada ya mzunguko wa damu kwenye somo la Biolojia, hawezi kukupitishia bakuli la mchuzi bila kukueleza utapita mshipa gani. Huyo ndiye Profesa. Mdogo wake wa darasa la tatu ni Takwimu. Huhesabu ngazi, huhesabu kuku wa jirani, na huhesabu maharage kwenye sahani yako kabla hujala. Wa mwisho ni shemeji yangu Kapteni, nahodha wa klabu ya jogging huko Temeke, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima na moyo wa kutaka kila binadamu akimbie.

Mimi nilikuwa mtu wa mpira. Nilicheza beki wa kulia na timu ya maveterani, kila Jumapili asubuhi. Kisha kazi ikahamia mjini, na foleni ya Buguruni ikawa inanitoa nyumbani giza na kunirudisha giza. Takwimu akazaliwa, na kwa wakati huohuo uwanja wetu ukajengwa fremu za maduka. Maveterani tukatawanyika, na kila mmoja akabaki na picha ya timu ukutani. Hivyo ndivyo miaka inavyopita, mwenzangu. Hakuna siku unayokaa ukaamua kuacha mazoezi.

Kilichonirudisha ni Alphonce Simbu. Kapteni alikuwa amelala kwetu usiku wa kuamkia Septemba 15, 2025, kusudi aangalie marathoni ya mashindano ya dunia kutoka Tokyo, ambayo kwa saa za kwetu ilikimbiwa usiku wa manane. Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani walifika mstarini pamoja. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ilibidi picha ya mstarini iangaliwe ndipo ionekane Mtanzania ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano hayo! Kapteni alipiga ukelele ambao Mke Mkubwa aliutafsiri kuwa ni wezi. Akatoka na mchi. Profesa akatoka na kiatu. Takwimu akatoka kuhesabu wezi.

Watu walipotulia na chai ikabandikwa, Kapteni alishika mada na hakuiachia. Alikumbusha kwamba Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Spika alimsikiliza mdogo wake, kisha akanigeukia. "Baba Idd, na wewe si ulikuwa mwanamichezo?" Hoja ikapita bila kupigiwa kura.

Kutafuta raba zangu ilikuwa safari nyingine. Ya kushoto ilipatikana chini ya kitanda cha Profesa, ya kulia ilikuwa uani imejaa udongo na mche wa mrehani wa Mke Mkubwa. Aligoma kuung'oa. "Mume wangu, mrehani umeshika mizizi, kiatu kinanunuliwa." Spika alikwenda soko la Karume akarudi na raba za mtumba na suti ya michezo ya rangi ya chungwa, ambayo Takwimu alisema inaonekana kutoka nyumba ya saba. Nikaanza kukimbia na klabu ya Kapteni. Kuna raha kubwa mle. Watu mia wamevaa fulana za aina moja, kuna anayeanzisha wimbo na wengine wanaitikia, wauza vitumbua wanapisha njia, na watoto wanakimbia pembeni mpaka mwisho wa mtaa wao. Mwili ulichoka kwa namna niliyokuwa nimeisahau, na nililala usingizi mzito.

Usiku mmoja baada ya jogging, saa zimekwenda, nimelalia ubavu wa kushoto, moyo ukabadilika. Ulipiga kawaida, ukapiga pigo dogo lililowahi kabla ya zamu yake, kisha ukanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko nafasi ya kawaida kati ya pigo na pigo. Halafu likaja pigo zito lililogonga mbavu kwa ndani na kupanda mpaka kooni. Ukatulia. Baada ya muda ukarudia. Nilimgusa Spika nikamwambia. Aliweka kiganja kifuani pangu, akasubiri, na lile pigo zito lilipokuja aliketi. "Washa taa," akasema.

Ikawashwa taa, na nyumba nzima ikawashwa nayo. Mke Mkubwa aliingia na kitunguu saumu mkono mmoja na mafuta ya habasoda mkono mwingine, akaanza kunipaka kifuani huku akisoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini. Profesa alileta daftari na kutuonyesha mchoro wa vyumba vinne vya moyo, akasisitiza kwamba mwalimu wao aliwaambia mtu mzima hupiga wastani wa mara 72 kwa dakika. Takwimu alinishika kifundo cha mkono, macho kwenye saa yake ya plastiki. Kila akivuka arobaini, bibi yake anamuuliza kopo la habasoda kaliweka wapi, hesabu inapotea, anaanza upya.

Kapteni alifika na bodaboda. Alipitia kwa mzee wa nyumba ya pili kuazima mashine ya presha, lakini betri zilikuwa zimekufa, ikabidi zitolewe za rimoti ya televisheni. Mashine ikavimba, ikapumua, ikaandika herufi E. Kapteni akasimama. "E ni emajensi!" Spika akaanza kukusanya kanga. Takwimu ndiye aliyekichukua kile kikaratasi cha maelezo akakisoma neno kwa neno, akatangaza kwamba E maana yake kitambaa hakijafungwa vizuri. Tukafunga upya. Presha ilikuwa nzuri. Hapo nilimkumbatia mwanangu.

Lakini Kapteni alikuwa ameshaandika kwenye kundi la ukoo kwamba moyo wangu "unasimama kidogo halafu unaendelea". Ujumbe ulipofika Muheza ulikuwa umebaki "umesimama". Mjomba aliyeko Muscat alituma ujumbe wa sauti akimkumbusha kila mtu Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka uwanjani Lyon Juni 26, 2003, kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, akafariki, na ikaja kuonekana misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa isivyo kawaida. Mjomba ana mapenzi ya dhati na hakuwa na nia mbaya. Ila usiku huo Spika alimwondoa kwenye kundi mpaka asubuhi. Shangazi wa Muheza hakungoja maelezo. Alipanda basi la kwanza, akashuka na jogoo.

Hospitali tulikwenda wote. Shangazi alitaka twende moja kwa moja kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanzishwa 2015. Spika akaamua tuanze hospitali ya karibu, wakiona haja watatupa rufaa. Muuguzi alipouliza mgonjwa ni nani, mikono yote ilinielekea mimi, na ule ulioshika jogoo ukiwemo.

Daktari alikuwa binti mtulivu, na nampa heshima yake mpaka leo kwa sababu aliuliza kabla ya kupima. Hali hii inakuja ukiwa unakimbia, au ukiwa umepumzika? Umewahi kuzimia au kuona giza? Kifua kinabana? Kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Una homa, au umetoka kuugua? Unatumia dawa gani, za mafua je? Unakunywa kahawa kiasi gani, na usiku unalala saa ngapi? Mke Mkubwa alijibu yote. Penye kahawa, Takwimu alifungua daftari lake, na daktari akaandika kwa muda mrefu.

Nilipimwa wingi wa damu, kwa sababu mwenye upungufu wa damu moyo wake hulazimika kwenda mbio. Ikapimwa tezi ya shingo, ambayo ikifanya kazi kupita kiasi huuchochea moyo. Yakapimwa madini ya potasiamu na magnesiamu, ambayo yakishuka mapigo huvurugika. Kisha nikawekwa kipimo cha umeme wa moyo, na Profesa akamweleza muuguzi kwamba Mholanzi Willem Einthoven alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi ya kipimo hicho. Karatasi ilipokuwa inatoka, lile pigo likaja. Daktari alilizungushia kalamu na kutuita wote tulione: mstari uliowahi, nafasi tupu, halafu mstari wa kawaida.

"Hili ni pigo la ziada," alisema. Moyo una kituo chake cha umeme kinachotoa amri ya kila pigo. Mara nyingine sehemu nyingine ya moyo inatoa amri yake mapema. Baada ya hapo moyo unapumzika kidogo kusubiri amri halali, na katika kupumzika unajaa damu zaidi, ndiyo maana pigo linalofuata linakuwa zito. Kinachosikika kifuani ni hilo la pili. Watu wengi wenye mioyo mizima huyapata bila hata kujua. Usiku, nyumba ikiwa kimya na mtu kalalia kushoto, husikika zaidi. Uchovu, kukosa usingizi, upungufu wa maji, wasiwasi, na kwa baadhi ya watu kahawa, huyaongeza. Picha ya moyo, yaani eko, ilipoonyesha moyo wenyewe ni mzima, Shangazi alilia kwa furaha, na jogoo akawika.

Spika hakuridhika. Alitaka kujua kwa nini mtu aliyekuwa mwanamichezo moyo umwendee mbio kiasi hiki akirudi kukimbia. Daktari akamwambia mtu akiacha mazoezi, ndani ya wiki chache tu maji ya damu hupungua, na moyo husukuma damu kidogo kwa kila pigo. Aliyezoea kuchota kwa kata akipewa kikombe, pipa lilelile litamtaka achote mara nyingi zaidi. Ongeza joto na unyevu wa Dar es Salaam, ambapo damu inatakiwa pia kwenda kwenye ngozi kuupoza mwili, na moyo una kazi mbili kwa wakati mmoja.

Kisha akatupa kisa ambacho nakirudia kila ninapokaa na watu. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wenye umri wa miaka 20 kwa wiki tatu. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa mazoezi ulikuwa umeporomoka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watu walewale watano walipimwa tena, na ikaonekana zile wiki tatu za kitandani ziliwaharibu kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Ila kisa hakikuishia hapo. Wakiwa na miaka hamsini, walifanya mazoezi ya kuongezwa polepole kwa miezi sita, na uwezo uliopotea kwa umri ukarudi wote. Mke Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Mjukuu wangu, na kwa mwenye miaka themanini?" Daktari akamjibu, "Bibi, wewe anza na kutembea." Hapo ndipo nilipojua sitatoka tena peke yangu.

Masharti ya daktari yalikuwa haya, na Takwimu aliyaandika yote. Wiki za mwanzo ni kutembea kwa haraka, kisha kuchanganya kutembea na kukimbia, kisha kukimbia. Kabla ya kuanza, joto la mwili lipandishwe taratibu, na mwishoni usisimame ghafla, tembea mpaka pumzi itulie. Kwa makadirio, toa umri wako kwenye 220 upate kiwango cha juu cha mapigo. Mimi nina miaka 46, basi changu ni 174, na mazoezi ya wastani ni kati ya nusu na asilimia 70 ya hapo, yaani 87 mpaka 122. Asiye na saa ya kupimia apime kwa mdomo: akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, yuko kwenye kiwango cha wastani. Kapteni hapo aliguswa, maana klabu yake huimba njia nzima, na daktari akamwambia wanaoimba bila shida wamepata mwendo mwepesi unaowafaa wanaoanza. Kapteni sasa amewapanga wageni wote mstari wa waimbaji. Lengo la Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na hakuna anayedaiwa azifikie mwezi wa kwanza. Na mwenye homa asikimbie kabisa, kwa sababu kuna maambukizi yanayoingia mpaka kwenye msuli wa moyo.

Mengine daktari alituambia kwa sauti nyingine, na naomba uyashike. Mapigo yakivurugika katikati ya mazoezi yenyewe, au yakija pamoja na kuzimia, kizunguzungu kikali, maumivu ya kifua au pumzi kukatika, au moyo ukienda mbio bila mpangilio na ukagoma kutulia, simama na uende hospitali saa hiyohiyo. Mwenye ndugu aliyefariki ghafla ujanani apimwe kabla hajaanza. Mwanasoka Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani Copenhagen Juni 2021, moyo umesimama, akaokolewa kwa sababu waliokuwa karibu walijua la kufanya papo hapo. Aliwekewa kifaa kifuani, na mwaka uliofuata akacheza tena.

Sasa hivi nyumbani utawala umebadilika. Kahawa yangu iko mikononi mwa Takwimu, na baada ya saa kumi jioni kabati halifunguki. Saa nne usiku Spika anazima intaneti, na tunalala. Baada ya alfajiri natoka, na nyuma yangu kuna msafara: Mke Mkubwa na bakora yake na raba za mtumba zinazong'aa kuliko zangu, Shangazi ambaye hajarudi Muheza, Profesa anayetaja mishipa ya mguu, na Takwimu mwenye saa. Tunakwenda mwendo wa Mke Mkubwa, tunasimama kila anapokutana na mtu wa kumsalimia, na Tabata nzima anaifahamu. Yule jogoo yupo uani, amepewa msamaha, na ndiye anayetuamsha. Mapigo ya ziada huja mara mojamoja, daktari anayajua, na kila yanapokuja natangaza sebuleni.

Na hili la kutangaza ndilo hasa lililonifanya niandike. Wanaume wengi tunaorudi mazoezini tukifika makamo tunasikia moyo ukiruka na tunanyamaza. Wengine wananyamaza kwa hofu na kuacha mazoezi moja kwa moja, wengine wananyamaza na kuongeza mbio. Wote wanakosa jibu ambalo kipimo kimoja kingewapa. Mwambie mtu wa nyumbani usiku uleule. Ndiyo, watakupaka mafuta, watakukatia tangawizi, watakuombea dua na kukuletea jogoo, na mjomba atatuma ujumbe wa sauti. Vumilia yote, kwa sababu haohao ndio watakaokupeleka hospitali na kukumbuka masharti uliyoyasahau. Ukishapimwa, anza kwa kutembea. Na wakisema wanataka kuongozana nawe, wasubiri wavae viatu.